Haki ya Mwili Wakati wa Kaskazi

Msikiti wa Kongo umesimama pale Mto Mwachema unapoingia baharini, mwisho wa ufuo wa Diani upande wa Tiwi. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, mibuyu mikongwe imeuzunguka, na ingawa una umri wa karne kadhaa, bado unasaliwa. Mwezi wa Februari adhana ya Alfajiri hulia saa 11 na robo hivi, nje kungali kiza na minazi haitikisiki. Waumini wakitoka, wengi hurudi nyumbani. Ila mtu akisimama hapo kwa muda, hakosi kumwona mmoja ameketi kwenye ukingo, ameweka ndara kando, anafunga kamba za raba. Kanzu ameikunja vizuri, ameitia kwenye kikapu. Ndani alikuwa keshavaa suruali ya mazoezi tangu alipotawadha.

Ana muda wa saa moja na kidogo. Jua huchomoza yapata saa 12 na nusu, na ikifika saa 1 na nusu mtu tayari anatafuta kivuli.

Kukimbia kwa mtu mzima bado ni jambo la kuulizwa katika mitaa ya Ukunda na Msambweni. Mtoto akikimbia anacheza, kijana akikimbia ana mechi. Mzee mwenye mvi ndevuni akipita mbio barabarani, kijana wa bodaboda atapunguza mwendo amsemeshe: “Shikamoo baba, wakimbizwa na nani?” Na jibu linalosikika sana siku hizi ni hili: “Marahaba mwanangu. Nakimbizwa na presha.”

Jibu hilo halina utani mkubwa ndani yake. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu lililopanda, na wengi hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ni kama nusu saa kwa siku, siku tano. Mtu akiambiwa hivyo na daktari huitikia, hununua raba, na huanza.

Ugumu uko kwenye kuendelea, na Pwani ugumu huo una jina lake: kaskazi.

Huko Zanzibar, kila tarehe 1 Januari ni siku ya kitaifa ya mazoezi ya viungo. Vikundi kutoka Unguja, Pemba na Bara hukusanyika wakiwa wamevaa sare, viongozi wa nchi huongoza matembezi, na picha hujaa magazetini. Ni siku njema. Lakini inaangukia mwanzo wa majira yaleyale ambayo upepo wa kaskazi hushika, mvua huwa zimekwisha, na joto hupanda wiki baada ya wiki hadi Machi. Aliyeanza kwa ari tarehe 1 Januari hukutana na Februari akiwa peke yake. Kusini mwa Mombasa ni vivyo hivyo. Wale wa nguvu ya soda huishia hapo, raba zikabaki mlangoni na mchanga mkavu ndani yake.

Tena si uvivu tu. Jasho hupoza mwili pale linapokauka, na hewa ya Diani wakati wa kaskazi imejaa mvuke kiasi kwamba jasho hutiririka tu bila kukauka. Moyo hulazimika kusukuma damu kwenye ngozi kutafuta ubaridi, na hapohapo misuli inadai damu hiyohiyo. Mwili hujizoesha, lakini huhitaji siku kumi hadi wiki mbili za kuongeza kidogokidogo. Anayetoka siku ya kwanza akakimbia kama alivyokimbia Julai, kusi ikimpepea, anaukosea mwili wake.

Hata mabingwa wameonja. Usiku wa tarehe 27 Septemba 2019 mbio za marathoni za wanawake za ubingwa wa dunia zilianzishwa mjini Doha karibu na saa sita ya usiku, kwa sababu mchana haukuwezekana. Joto lilikuwa zaidi ya nyuzi 30 na unyevu mwingi, hali ambayo mtu wa Msambweni angeitambua mara moja. Wanawake 68 walianza, 40 wakamaliza. Aliyeshinda alikuwa Mkenya, Ruth Chepngetich, naye alikwenda kwa mwendo wa polepole kuliko uwezo wake. Miaka miwili baadaye, kwenye Olimpiki ya Tokyo, marathoni ilihamishiwa Sapporo kukwepa joto, na hata huko mbio za wanawake zikawahishwa zianze saa 12 asubuhi. Peres Jepchirchir akachukua dhahabu.

Sasa tangu mwaka 2024 limeongezeka jambo jingine. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa jua. Mwaka 2024 uliingia karibu na katikati ya Machi, 2025 mwanzoni mwa Machi, na 2026 katika Februari. Maana yake, kwa miaka kadhaa mfululizo saumu ya Wadigo na Waislamu wengine wa kaunti hii ya Kwale inaangukia ndani ya kaskazi. Karibu na ikweta urefu wa saumu haubadiliki sana, ni saa 13 na kitu mwaka mzima. Ndugu zao walioko London walifunga zaidi ya saa 18 Ramadhani ilipokuwa Juni, mwaka 2015 na 2016. Pwani mzani uko kwenye joto na kiu. Mtu anayejaribu kushika mazoezi anajikuta na swali ambalo daktari hawezi kulimaliza: je, ibada na mazoezi vinagombania mwili mmoja? Na akipunguza, ameacha?

Kuna majibu mawili ya haraka, na yote mawili yamesimama juu ya matini ya dini. La kwanza huletwa na wakali. Katika Sura ya Tawba kuna habari ya safari ya Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijra, ambapo waliobaki nyuma waliwaambia wenzao wasitoke kwenye joto. Qur’ani ikawajibu kwamba moto wa Jahannamu una joto kubwa zaidi. Kwa msomaji mkali, joto limekataliwa kuwa udhuru, na mwenye azma atoke tu.

La pili limo kwenye Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliagiza kwamba joto likizidi, Swala ya Adhuhuri icheleweshwe mpaka kupoe. Hapa ni nguzo ya dini yenyewe, tena yenye wakati wake maalumu, inayosogezwa kwa ajili ya miili ya watu.

Mtu akiziweka mbili hizi pamoja, anaona kwamba hazipingani. Wale wa Tabuk walilaumiwa kwa sababu joto lilikuwa kisingizio cha kuacha kabisa. Wale wa Adhuhuri walipewa nafasi ndani ya wakati, na swala ikabaki palepale. Joto linaweza kubadilisha saa. Haliwezi kufuta jambo. Yule aliyefunga raba mlangoni mwa Msikiti wa Kongo kabla ya jua anatekeleza fikra hiyo kwa miguu yake, hata kama hajawahi kuieleza kwa maneno. Serikali ya Oman, ambako Waswahili wengi wana ndugu, imeiweka kwenye sheria ya kazi: Juni hadi Agosti, kazi za juani husimama kuanzia saa 6 na nusu hadi saa 9 na nusu mchana. Mfanyakazi hajaachishwa kazi. Amesogezewa saa.

Hata hivyo saa ni nusu ya habari. Doha walisogeza saa, na wanawake 28 bado waliishia njiani. Kilichobaki ni kipimo, na hapo ndipo penye Hadithi ambayo kila mhimizaji wa mazoezi huitaja, na ambayo wengi huitaja nusu.

Ni ile isemayo kwamba mwili wa mtu una haki juu yake. Hutumiwa kama hoja ya kuwatoa watu kitini. Lakini aliyeambiwa maneno hayo hakuwa mtu wa kitini. Alikuwa Abdullah bin Amr bin al-As, kijana aliyekuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha. Mtume alimwita akamkanya. Akamwambia afunge na afungue, asali na alale, kwa kuwa mwili wake, macho yake na mke wake wote wana haki. Akamshauri afunge siku tatu kwa mwezi. Kijana akasema anaweza zaidi. Akaongezewa, akasema anaweza zaidi, hadi akafikishwa kwenye saumu ya Nabii Daudi, siku moja kufunga na siku moja kula, akaambiwa hapo ndipo mwisho.

Kisa hakikuishia hapo, na sehemu iliyobaki inamhusu kila mtu aliyevuka miaka 40. Abdullah alizeeka. Nguvu zikapungua, na akawa akisema laiti angeikubali ile ruhusa ya mwanzo. Hakuacha, kwa sababu alichukia kuliacha jambo aliloachana na Mtume akiwa nalo. Alichofanya ni hiki: akidhoofika, alikula siku kadhaa mfululizo apate nguvu, akazihesabu, kisha akazilipa kwa kufunga idadi ileile.

Hapo pana fundisho zima la kudumu. Kuna ahadi ya ujana iliyotolewa kwa kipimo cha ujana. Kuna mwili uliobadilika. Na kuna mtu asiyetaka kuwa muongo mbele ya ahadi yake, wala kuuvunja mwili wake, akatafuta mpango wa tatu kwa hesabu ya vidole. Yule wa miaka 50 anayeng’ang’ania kilomita kumi za zamani kwenye mchanga wa ufuo wa Galu mwezi wa Machi angefaidika kukaa na kisa hiki kuliko kukaa na saa ya mkononi inayomhesabia hatua.

Ibada zenyewe zimejengwa hivyo. Msafiri hupunguza rakaa. Mgonjwa husali amekaa, akishindwa husali amelala ubavu. Umbo hubadilika mara nyingi, lakini uzi haukatiki. Bi Aisha, mke wa Mtume, amepokea kwamba amali apendayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo, na Waswahili kwa lugha yao husema bandu bandu huisha gogo. Mtu aliyezoea kukimbia siku tano, akaingia Ramadhani akatembea dakika 20 kabla ya futari, hajaacha. Amepunguza rakaa.

Neno lenyewe linasaidia. Kiswahili huita michezo ya mbio riadha, kutoka Kiarabu. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitumia riyadha kuita kitabu kizima ndani ya Ihya yake, kile cha kuifunza nafsi. Humo anaeleza kwamba tabia hupatikana kwa kurudia, na anatoa mfano wa mtu atakaye kuwa mwandishi wa hati nzuri: huanza kwa kuiga mkono wa bingwa, kwa taabu, siku baada ya siku, mpaka mkono uandike wenyewe. Kwa Ghazali, kinachofunzwa hasa ni kile kinachomwamrisha mkono. Ndiyo maana asubuhi ile ngumu ya Februari, mtu anapotoka hata kwa dakika kumi, huenda misuli haijapata kitu kikubwa, lakini yule anayeamrisha amefunzwa.

Basi nia nayo ina sehemu yake. Mtu anayesali anaweza kuharibu swala kwa kutaka aonekane, na anayefanya mazoezi ni hivyohivyo. Wakristo wa Ukunda, wengi wao waliokuja kutoka bara kwa kazi za hoteli, wana Mtume Paulo, aliyewaandikia Wakorintho kwamba mwili ni hekalu, na katika waraka kwa Timotheo kuna onyo kwamba mazoezi ya mwili faida yake ni kidogo yakilinganishwa na utauwa. Mizani ni ileile: mwili ni amana ya kutunzwa, na amana haifanyiwi maonyesho.

Kilomita chache kusini mwa Diani kuna mahali panapoufundisha mwili jambo hilo bila hotuba. Kaya Kinondo ni msitu mtakatifu wa Wadigo, miongoni mwa kaya za Mijikenda zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Anayeingia hufungwa nguo nyeusi kiunoni, awe mgeni wa hoteli au mtoto wa kijiji. Hachukui kitu, hata kijiti kikavu. Na hakimbii. Hutembea polepole nyuma ya mwenyeji, mizizi ikimlazimisha kuangalia anapokanyaga. Mtu aliyetoka kujitazama kwenye kioo cha jimu akafungwa kitambaa kile, kwa muda huo hana mwili wa kuonyesha. Ana miguu tu, inayohitaji kuwekwa kwa adabu.

Kwa wanawake wa Pwani, saa ya alfajiri ina vikwazo vyake: chai, watoto wa shule, na macho ya barabarani. Wanaotembea hutembea wawili watatu, leso juu ya buibui, kwa mwendo wa kasi na maongezi. Wapo wanaodhani dini ndiyo inayowazuia, na hao wakumbushwe kwamba Bi Aisha mwenyewe amesimulia, katika Sunan ya Abu Daud, alivyoshindana mbio na mumewe safarini. Mara ya kwanza alimshinda. Miaka ikapita, mwili ukajaa, wakashindana tena, akashindwa, na Mtume akamwambia kwamba hii ni fidia ya ile. Ni habari ya watu wazima wawili wanaokimbia, mmoja akiwa ameongezeka uzito, na hakuna aliyeona aibu. Huko Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea na kuelea wakiwa wamevaa vazi la kuogelea linalositiri mwili mzima. Kilichohitajika ni vazi, mwalimu mwanamke na saa inayofaa.

Lakini wapo ambao neno mazoezi halina maana kwao, na makala yoyote kuhusu mwili katika Kwale inayowaruka haisemi kweli. Kibuyuni, karibu na Shimoni, wanawake hulima mwani. Hawachagui saa. Mwezi ndio unaowachagulia, kwa kuwa kazi hufanyika wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na vigingi kuonekana, na pwani hii maji ya bamvua hukupwa yapata saa 4 asubuhi, jua likiwa limeshakolea. Mama huinama juu ya kamba, maji magotini, chumvi ikikauka mikononi. Hufunga miche kwenye tai-tai, vikamba vya kufungia mwani, moja baada ya nyingine. Kisha hubeba kiroba cha mwani mbichi hadi ufukweni, maji yakichuruzika mgongoni. Kaskazi maji yenyewe huwa moto, na mwani huugua.

Mama huyo akisikia redioni kwamba mtu mzima anahitaji dakika 150 kwa wiki, keshazimaliza kabla ya adhuhuri ya Jumatatu. Kwake ile Hadithi ya haki ya mwili hurudi kwenye maana yake ya kwanza, ile aliyoambiwa Abdullah: lala, kula, pumzika. Haki yake ni mkeka, kivuli, maji ya kunywa, na bei ya mwani itakayomruhusu kukosa bamvua moja akiugua. Maneno yaleyale yanayomtoa karani ofisini Ukunda aende akimbie, yanamtaka mama wa Kibuyuni akae chini. Nayo yanamdai yule karani zaidi ya mbio: hawezi kusema anaheshimu haki ya mwili ikiwa anaihesabu kwa mwili wake tu, na msichana wake wa kazi amesimama tangu daku.

Karani mwenyewe, Ramadhani ikiingia, hulazimika kupanga upya. Wataalamu wengi hupendekeza mwendo mwepesi saa moja kabla ya futari, ili maji yawe karibu, au mazoezi mazito kidogo baada ya tarawehe. Anayechagua jioni hukuta kwamba bahari nayo inafuata kalenda ileile ya saumu. Ramadhani huanza kwa mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo ni bamvua. Siku hizo maji ya Diani hujaa yapata saa 10 jioni, yakagonga kuta za hoteli, na hapana mchanga wa kutembelea. Basi siku za kwanza hutembea barabarani, chini ya ngazi za kamba zilizofungwa juu ya lami ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Ikifika saumu ya saba au ya nane, maji ni mafu, jioni yamekwisha kupwa, na ufuo umefunguka tena, mgumu na wenye unyevu chini ya soli. Hutembea hadi mahali fulani, huangalia jua lilipo juu ya minazi, kisha hugeuka arudi, tende ziko mfukoni.